Samaki wa mawe wa Tanganyika ndani ya tangi la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sebuleni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, lipo tangi la kioo lenye urefu wa mita moja na nusu, na ndani yake wanaogelea samaki 22 wa jamii ya Tropheus. Wageni huwaulizia samaki kabla hata chai haijafika. Wengine hunipigia simu kutoka Ujiji, Kasulu na Tabora wakiwa na tangi jipya au samaki mgonjwa, na maswali yao yanafanana mno. Nimeyakusanya hapa, nikianza na lile linaloniumiza kila ninapolisikia.

Nilinunua samaki sita, wote wamekufa ndani ya mwezi mmoja. Nimekosea wapi?

Pole sana. Mimi nilianza hivyo hivyo: samaki sita, tangi dogo la lita 80, na kikombe cha dagaa wa kusaga pembeni. Niliwalisha asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu walikuja mbio kiooni kila waliponiona nami nikadhani ni njaa. Siku ya kumi na moja mmoja wao akaacha kula. Anadaka chakula, anakitafuna kidogo, anakitema. Kesho yake kinyesi chake kilikuwa uzi mweupe unaoning'inia, tumbo limetuna, naye amejibanza kwenye kona ya juu akihema haraka haraka. Wiki ya tatu ilipokwisha sikuwa na samaki hata mmoja.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mvuvi wa Katonga, yule aliyenipatia samaki wale.

"Shikamoo mzee. Samaki wamekufa wote."

"Marahaba mwanangu. Uliwapa nini?"

"Dagaa, mzee. Tena dagaa wazuri, wa Kibirizi."

"Dagaa ni chakula chako wewe. Yule wa mawe umemwona akila nini kule ziwani?"

"Nimemwona analamba jiwe."

"Basi mpe jiwe."

Ukilishika jibu lile, umeshika nusu ya kazi. Nusu ya pili ni idadi. Samaki sita wa aina hii ndani ya tangi dogo ni vita: mkubwa wao huchagua adui mmoja, humfukuza mpaka afe, kisha huhamia kwa anayefuata. Samaki anayefukuzwa kutwa hana kinga ya ugonjwa, na ukimjazia tumbo la dagaa juu yake, hapo umemmaliza. Mara nyingi watu huniambia wamenunua samaki wabovu. Samaki walikuwa wazima kabisa.

Huyu Tropheus ni samaki gani hasa?

Ni wa ukoo wa sikilidi, ukoo mmoja na ngege na sato unaowajua sokoni, ila yeye ni mdogo, hufika sentimita 12 hivi. Huishi Ziwa Tanganyika peke yake duniani. Makazi yake ni mawe ya pwani, sehemu ambazo jua linafika na mwani unaota. Wataalamu walianza kumwandika mwaka 1898, na tangu hapo zimetambuliwa rangi zaidi ya 100, kwa sababu samaki huyu haondoki mawe aliyozaliwa. Ghuba ya mchanga au mdomo wa mto, kama Malagarasi, kwake ni kama bahari isiyovukika. Ndiyo maana waliopo upande mmoja wa mto wanaweza kuwa na rangi tofauti kabisa na wa ng'ambo.

Ninaowafuga mimi ni Tropheus duboisi, walioandikwa kitaalamu mwaka 1959. Wakiwa wadogo ni weusi tii wenye madoadoa meupe mwili mzima, kama anga ya usiku wa Juni huku kwetu. Wakikua madoa yanafutika, kichwa kinageuka kijivu cha bluu, na kiunoni unatokea mkanda mmoja mweupe au wa njano. Wale wa Maswa, kusini mwa Kigoma (si Maswa ya Simiyu), wana mkanda mpana wa njano ambao wafugaji wa Ulaya wanautafuta sana. Mgeni akiwaona wadogo na wakubwa ndani ya tangi moja, haamini kwamba ni mtu na mwanawe.

Mwambao wa Kigoma una pia Tropheus brichardi, mwenye rangi ya kahawia iliyoiva. Ni mkali zaidi. Kwa anayeanza, duboisi anavumilika.

Je, ni samaki wa maji ya chumvi? Nilitaka samaki wa matumbawe wa baharini.

Hapana, Tanganyika ni maji baridi, ingawa yana madini mengi. Samaki wa matumbawe wa Zanzibar au Mafia wanahitaji chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita, chumvi maalumu iliyochanganywa madini ya bahari, siyo ya kupikia, na kila ukibadilisha maji unaanza upya kuichanganya. Kwa mtu aliye Kigoma au Tabora, mamia ya kilometa kutoka pwani, huo ni mzigo wa kila wiki.

Nitasema ninavyoamini: mtu wa Kigoma anayetamani rangi za matumbawe ana hazina mlangoni kwake. Vaa miwani ya kuogelea, zama penye mawe siku ambayo maji ni meupe, uone. Ziwa hili lina aina kama 250 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingine. Watu wa Ujerumani na Japani wanawalea kwa maji ya kutengeneza, sisi maji yenyewe tunayachota kwa ndoo. Tena kwa udhaifu wa tumbo na ukali wa tabia, Tropheus hana tofauti kubwa na samaki wa matumbawe. Akikushinda huyu, wa baharini atakushinda mapema zaidi.

Tangi liwe na ukubwa gani, na nani atalitengeneza?

Usishuke chini ya lita 300. Langu lina urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 50, yaani lita 375 likijaa mpaka ukingoni. Urefu ni muhimu kuliko kimo, kwa sababu anayefukuzwa anahitaji pa kukimbilia.

Mafundi wa aluminiamu na vioo hapa mjini wanaliweza, ila simama nao. Kioo kiwe cha milimita 10, na cha 12 ni bora kama mfuko unaruhusu. Juu wazungushie mkanda wa kioo ili tangi lisipanuke katikati. Silikoni iwe isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwani ile ya bafuni huua samaki. Iache ikauke wiki nzima, kisha jaza maji na uliache uani siku tatu kabla ya kuliingiza ndani.

Kuhusu meza, piga hesabu: maji peke yake ni kilo 375, ongeza kioo na mawe, unakaribia nusu tani. Kabati la kawaida halibebi. Mwone fundi wa kuchomelea akuundie fremu ya chuma, na juu yake utandike ubao na godoro jembamba la sponji.

Mawe yatangulie, mchanga ufuate. Ukiyaweka mawe juu ya mchanga, samaki watachimba na siku moja rundo litaangukia kioo. Mfuniko nao ni lazima, wanaruka.

Niweke samaki wangapi?

Wengi, na wote siku moja. Najua linasikika kinyume, maana tumezoea kuambiwa samaki wachache ndio usalama. Kwa Tropheus, kundi la 15 hadi 25 katika tangi la lita 375 hufanya ukali ugawanyike: dume mkubwa hawezi kumwandama mmoja kutwa nzima wakati wengine 20 wanapita mbele yake. Kuongeza mmoja mmoja baadaye ni kumpeleka mgeni kwenye kipigo. Ukilazimika kuongeza, ongeza watano kwa pamoja, hamisha mawe yote ili mipaka ifutike, na zima taa mpaka kesho.

Nunua wadogo wa sentimita tatu au nne. Wanakua pamoja, wanajuana.

Maji nichote ziwani au nitumie ya bomba?

Ukiwa Kigoma, vyote vinafaa kwa masharti.

Maji ya ziwa yana pH (kipimo cha uchachu au ualkali wa maji) ya 8.6 mpaka 9 hivi na madini aliyozaliwa nayo samaki. Yachote penye mawe, mbali na mitumbwi ya injini na mbali na mifereji ya mji. Usichote baada ya mvua kubwa. Siku hizo utaona maji ya pwani yamegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya udongo unaoporomoka kwenye milima iliyokatwa miti. Udongo ule unapotulia unafunika mwani wa mawe, na samaki wa mawe wanakosa chakula. Kila masika nikisimama kilimani na kuona ule ukanda wa kahawia unavyoingia ziwani, roho inaniuma.

Halafu kuna kichocho. Maji ya kandokando yanaweza kuwa na vimelea vyake, navyo hupenya ngozi. Chota ukiwa na buti ndefu za mpira, yamimine kwenye pipa safi lisilo na konokono, ufunike siku mbili. Vimelea vikikosa mtu wa kumwingia hufa ndani ya muda huo, na matope nayo hutulia chini. Ndipo utumie. Mawe uliyookota yasugue na uyaanike juani siku kadhaa.

Maji ya bomba la Kigoma asili yake ni ziwa lile lile, tatizo ni klorini. Yaweke kwenye pipa wazi na pampu ya hewa saa 24 mpaka 48.

Kila wiki badilisha robo ya maji. Kwangu ni madumu manne na nusu ya lita 20, kila Jumamosi asubuhi. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani.

Niko Tabora. Nitapata wapi maji kama ya Tanganyika?

Utayatengeneza. Maji ya bomba ya Tabora siku hizi yanatoka Ziwa Victoria, na hayo ni mepesi kwa madini, hayamfai Tropheus yalivyo. Yakishatulia na klorini kutoka, kwa kila dumu la lita 20 weka kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya haluli, ile inayouzwa duka la dawa. Bekingi soda hupandisha pH na kuishikilia. Haluli huleta magnesi, ambayo Tanganyika inayo kwa wingi. Usitumie magadi ya kulainishia maharage badala ya bekingi soda. Magadi hupandisha pH kwa kasi mpaka samaki anaungua matamvua. Koroga kwenye pipa, kamwe usimwage unga moja kwa moja ndani ya tangi.

Jambo jingine la Tabora ni baridi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo ziwa liko mita 773. Usiku wa Juni na Julai tangi lisilo na hita litashuka vibaya. Samaki hawa wanataka nyuzi 25 hadi 27. Funga hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikifa, nyingine inashikilia, moja ikikwama kwenye kuwaka, haina nguvu ya kuwachemsha.

Kwa nini naambiwa nisubiri wiki sita kabla ya kuweka samaki?

Kwa sababu ya amonia. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, bakteria wa aina moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sponji na mawe ya filta (chujio la maji la tangi), na tangi jipya halina hata mmoja. Wiki nne mpaka sita ndizo zinazohitajika wazaliane. Ukipewa sponji chafu kutoka tangi la mwenzako lisilo na ugonjwa, muda unapungua sana. Mimi huwagawia watu sponji bila malipo.

Kwa samaki wa Tanganyika hili ni zito kuliko kwa wengine. Katika maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH 9 na joto la nyuzi 25, inapita theluthi. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa mtoni atakivumilia, huyu kinamuua usiku mmoja.

Niwalishe nini?

Mwangalie anavyokula. Anainamisha kichwa, mdomo wake uko chini ya pua kama kijiko kilichopinduliwa, anauma nyuzi za mwani na kuzinyofoa kwa kutikisa kichwa, hatua moja, anarudia. Hufanya hivyo tangu alfajiri hadi jioni. Chakula chenyewe ni hafifu, ndiyo maana utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake. Ukimpa chakula kizito kinakaa humo muda mrefu, kinaoza, na vimelea vinavyoishi utumboni vinapata karamu.

Kwangu utaratibu ni huu. Uani nina mabeseni manne mapana yenye maji ya ziwa na mawe ya ukubwa wa ngumi. Jua la Kigoma likiyapiga, baada ya siku kumi hadi kumi na nne jiwe lina zulia la kijani ambalo ukilipitisha kidole linateleza. Kila asubuhi naingiza mawe mawili na kutoa mawili yaliyokwanguliwa. Saa sita mchana mawe yale yanakuwa yamerudi rangi yake nyekundu, na juu yake kuna mikwaruzo ya midomo. Hakikisha beseni halina konokono.

Nyongeza ni chakula kikavu cha spirulina (aina ya mwani mdogo mno), vipande vyembamba, kiasi cha kuisha ndani ya dakika moja, mara mbili kwa siku. Spirulina si kitu kigeni kwetu, ndicho chakula cha heroe wa Ziwa Natron. Mara mbili kwa wiki nawapa mchicha au matembele yaliyochovywa kwenye maji ya moto, yakafungwa kwenye jiwe kwa uzi. Siku moja kwa wiki hawali kabisa.

Dagaa, utumbo wa kuku, nyama, mayai, minyoo na makombo ya ugali visiingie tangini. Watakukimbilia kiooni na kukuangalia kana kwamba hawajala tangu jana. Hawana njaa, ndivyo walivyoumbwa, maana kule ziwani anayengoja hali. Wageni nao waambie mapema, hasa watoto, kwani mkono wa mtoto una huruma nyingi na kipimo kidogo. Mwanangu nilimpa kazi ya kuhamisha mawe, akaridhika.

Samaki wangu ana tumbo lililovimba na kinyesi cheupe. Bado anapona?

Ukiwahi, ndiyo. Dalili ya kwanza siyo tumbo, ni kutema chakula. Ukiona samaki mmoja anatema kwa siku mbili, anza kazi siku hiyo hiyo. Ukingoja tumbo livimbe umechelewa.

Acha kulisha wote kwa siku tatu. Badilisha nusu ya maji. Pima amonia na naitraiti. Tazama kama kuna mbabe anayewanyanyasa, maana ugonjwa huu karibu kila mara huanza na mfadhaiko. Kisha dawa: metronidazole, vile vile vidonge ambavyo binadamu huandikiwa kwa amiba. Zungumza na mfamasia umweleze ni ya samaki. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni miligramu 250 kwa kila lita 40 za maji. Saga, koroga kwenye maji ya uvuguvugu, mimina. Rudia kila baada ya siku moja, mara tatu, na kila mara ubadilishe robo ya maji kwanza. Ukichagua kuwatibu kwenye tangi dogo la pembeni, toa wote wenye dalili kwa pamoja.

Samaki aliyekwisha vimba magamba yakasimama sijawahi kumwona akipona. Mtoe, usimwache ateseke, wala usimwache afie humo.

Dawa isimwagwe kwa kubahatisha "kama kinga". Unazoesha vimelea.

Umeme ukikatika usiku kucha?

Kinachoua kwanza ni kukosa hewa, si baridi. Tangi lenye samaki 20 bila mwendo wa maji linaanza kuwa hatari baada ya saa chache. Utawaona wote juu, midomo ikipiga uso wa maji. Pampu ndogo ya betri, inayowaka yenyewe umeme unapokatika, ndiyo kitu cha kwanza ningenunua hata kabla ya taa. Wenye sola na inveta wafungie pampu huko. Usipokuwa na chochote, chota kwa jagi na kumimina kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Nimefanya hivyo kutoka saa nne usiku mpaka alfajiri, mke wangu akinipokea zamu saa nane, na tulitoka salama.

Umeme ukiwa haupo, usiwalishe samaki. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, safisha filta iliyokuwa imefungwa kabla ya kuiwasha, kwa sababu bakteria waliokufa ndani yake watatapikwa tangini.

Jike mmoja amefunga mdomo, koo limetuna, hali. Ni ugonjwa?

Hongera, ana mayai mdomoni. Tropheus jike hutaga mayai machache mno, mara nyingi kati ya 5 na 15, makubwa kama punje ndogo za njegere, rangi ya njano. Analitaga moja, anageuka na kulizoa mdomoni kabla halijafika chini. Atawabeba siku 28 hadi 30. Tofauti na mgonjwa, huyu anaogelea kwa utulivu, taya la chini limeshuka, na mara kwa mara anafanya kama anatafuna: anayageuza mayai.

Baadaye utaona kitu ambacho watafiti wa Kijapani walikithibitisha ziwani: mama anaanza kula akiwa bado amebeba, ila chakula kile ni cha watoto walio mdomoni. Mwenyewe anakonda. Vifaranga wanapotoka wana urefu wa sentimita moja na nusu hivi, weusi, na madoa meupe yote yapo.

Mara ya kwanza kuona hayo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kioo, taa ya sebuleni imezimwa, nina tochi ndogo. Jike alishuka kwenye ufa wa jiwe, akafungua mdomo, akatoka mmoja. Akazunguka jiwe kidogo. Dume alipopita upande wa pili, mama aliinamisha kichwa na kile kifaranga kikarudi ndani chenyewe, kama mtoto anayekimbilia khanga ya mama yake. Nilibaki pale mpaka magoti yakaniuma.

Ukitaka watoto wapone wengi, mhamishe jike usiku siku ya 21 hadi 25 kwa bakuli, si kwa wavu, kwani wavu humfanya ateme. Akimaliza, mpe siku tatu nne za kula mwani kabla ya kumrudisha, na umrudishe taa zikiwa zimezimwa.

Naweza kumchanganya na frontosa au samaki wengine?

Frontosa hapana. Yule wa Kigoma mwenye mistari saba ni mzuri mno, lakini hufika sentimita 30, hula samaki, na chakula chake kitawaua Tropheus. Gogogo mwenye madoadoa pia muache: ana tabia ya kupenyeza mayai yake kwa samaki wanaolea mdomoni, na vifaranga vyake huwala wa mwenye mdomo. Eretmodus, wale wadogo wanaorukaruka kwenye mawe ya mawimbi, wanakula mwani vilevile na wanaelewana nao. Usichanganye Tropheus wa sehemu mbili tofauti, watazaana na hutajua tena ulichonacho.

Nahitaji ruhusa kuwavua?

Ndiyo. Uvuvi wowote uko chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na unahitaji leseni, na kusafirisha samaki hai nje ya nchi ni kibali kingine. Pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako uulize kabla. Ndani ya hifadhi usiguse hata jiwe: Mahale, kwa mfano, hifadhi inaingia ziwani kilometa 1.6.

Ukinunua kwa mpiga mbizi, muulize amewatoa kina gani na amewapandisha vipi. Duboisi hukaa chini kidogo kuliko ndugu zake, mara nyingi mita 3 hadi 15, na akipandishwa haraka kifuko chake cha hewa hujaa, akaelea kichwa chini. Waliozaliwa nyumbani ni bora zaidi: hawajaguswa na wavu, na hujapunguza chochote ziwani.

Nitawafikishaje Tabora kwa treni?

Wasile siku mbili kabla. Samaki wenye utumbo mtupu hawachafui maji. Mfuko mnene wa nailoni, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, samaki watatu wadogo kwa mfuko, mfuko ndani ya mfuko, kisha ndani ya boksi jeupe la povu gumu la kuhifadhia samaki wa barafu, bila barafu. Usipopata oksijeni, tumia ndoo yenye mfuniko uliotobolewa na pampu ya betri. Safari ni ya usiku kucha, zaidi ya kilometa 400, kwa hiyo funga mifuko saa ya mwisho kabisa. Ukifika, elea mifuko ndani ya tangi dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa saa nzima. Maji ya mfukoni yamwage nje.

Nikihama au nikichoka, si nawarudisha tu ziwani?

Hapana, hata kama unaishi mita 50 kutoka ufukweni. Umewapa dawa, wamekaa na samaki wa kwingine, na huna hakika walizaliwa kwenye jiwe gani. Tropheus wa Maswa akiachiwa kwenye mawe ya Kigoma atazaa na wenyeji, na rangi ambayo ziwa limeitunza kwa maelfu ya vizazi itapotea mahali pale kwa kosa la ndoo moja. Watafutie mfugaji mwingine, ukimkabidhi kundi zima bila kulivunja, pamoja na sponji ya filta na mabeseni ya mawe. Mwaka jana kijana mmoja wa Gungu alihamishiwa kazi akaniletea wake 14. Nilitoa mawe yote tangini, nikayapanga upya, nikazima taa. Asubuhi walikuwa wanakula jiwe moja na wangu.